Plagi za Harusi ya Loveness

Jumapili, 8 Juni 2025

Ushindi! Leo kule Bugarama, mbele ya ukoo mzima, baba mkwe wangu Mzee Mabula ametamka kwamba gari langu ndilo litakalombeba Loveness siku ya harusi yake, Jumamosi hii. Gari langu! Si la Donatus. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Moyoni nilikuwa nacheza.

Niandike vizuri, maana mambo kama haya hayanitokei kila siku. Mimi na Donatus tumeoa nyumba moja. Yeye ana Wema, dada mtu. Mimi nina Noela. Loveness ndiye kitinda mimba. Mimi na Donatus tunakaa Nyahanga, hapa Kahama, mtaa mmoja, na magari yetu ni mapacha: aina moja, umri mmoja, hata vitambaa vya viti vina michoro ileile. Tofauti ni rangi. Langu jeupe, lake jeusi. Tangu posa ilipopokelewa nimepita kwa kila shangazi kumnong'oneza kwamba bibi harusi hapandi gari jeusi, watu watadhani tunakwenda kuzika. Imezaa matunda. Mzee alipotangaza, Donatus ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Mnafiki.

Wakati wa kurudi, tulipoipita Segese, gari likaanza kushtuka. Likavuta, likaachia, likavuta tena, kama mtu mwenye kwikwi. Taa ya injini ikawaka. Donatus akatupita taratibu, akapiga honi ndogo ya adabu, akapunga mkono. Noela akasema gari la shemeji halina kelele kabisa, ukikaa ndani unasikia hata nzi. Hayo ya nzi ameyajulia wapi?

Jumatatu, 9 Juni

Noela kasema nipeleke gari kwa fundi. Fundi! Fundi wa mtaa huu hafungi mdomo. Kabla ya jua kuzama Wema angekuwa anajua, na Wema akijua, Bugarama wanajua. Gari la bibi harusi linamisi, lina kwikwi! Wangempa Donatus heshima yangu bila hata kikao.

Nikasema natengeneza mwenyewe, hapahapa uani. Nimeangalia video kwenye simu. Si kazi ngumu. Unaacha injini ikiunguruma, unachomoa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, moja baada ya nyingine, unasikiliza. Nilichomoa ya kwanza: injini ikalegea, nusura izime. Safi, hiyo inafanya kazi. Ya pili, vilevile. Ya nne, vilevile. Ya tatu: hakuna kitu. Injini haikushtuka hata kidogo. Kumbe huyu wa tatu yuko uwanjani na jezi kavaa, lakini hachezi!

Nikazibadilisha koili, ya tatu nikaiweka kwenye ya kwanza na ya kwanza kwenye ya tatu. Kama koili ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Silinda ileile ya tatu ikabaki imekufa. Basi ni plagi. Nilijisikia daktari. Nikamwita Noela aje ashuhudie. Akaja, akatazama mikono yangu, akasema nisiguse pazia.

Jumanne, 10 Juni

Nimeitoa plagi ya tatu. Nyeusi tii, imejaa masizi. Noela akauliza kwa nini nisinunue mpya, maduka ya spea yamejaa mjini. Huyu mwanamke hajui ameolewa na nani. Mimi ni mchomaji! Wachimbaji wakileta dhahabu yao kwa bosi wangu, imechafuka na imenywa zebaki, anayeipitisha kwenye moto ni mimi. Nimechoma dhahabu za watu wanaojenga maghorofa. Nishindwe na plagi? Kununua mpya ni kukiri kwamba moto wangu umeshindwa na masizi.

Nikaleta kichomeo changu cha gesi. Nikaishika plagi kwa koleo, nikaipa moto mpaka ikawa nyekundu. Kisha nikafanya kama ninavyofanya kazini siku zote: nikaitumbukiza kwenye maji. Ikalia chwiii! Ikatoka nyeupe, ile kauri yake inang'aa kama jino la mtoto. Nimeipenda. Nimeipenda mpaka nikaona nyingine zitaonewa, nikazitoa zote nne na kuzipa huduma ileile.

Jioni nikawasha gari.

Asubuhi ilikuwa haichezi ya tatu. Sasa ya tatu haichezi, na ya kwanza nayo haichezi. Gari linatikisika mpaka kuku wamehama chini ya dirisha. Sielewi. Plagi ni safi kuliko zilivyotoka kiwandani. Itakuwa ni mafuta. Au ni jicho la Donatus. Alilitazama sana siku ile alipotupita.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwaga mafuta yote, nimeweka mengine. Nimepuliza chujio la hewa mpaka nikaona nyota. Hakuna badiliko.

Donatus kaja. Alikuwa anakwenda dukani kwake kuuza mabati, akasikia gari likitetemeka tangu kwenye kona. Nikamwambia najaribu uvumilivu wa injini kabla ya siku yenyewe. Akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba kitu hicho kipo. Akaniita mdogo wangu. Ananizidi mwaka mmoja tu, ila kwa vile ameoa dada mtu basi mimi nimekuwa mdogo wake, na siku zote analitamka taratibu, kwa huruma.

Noela akamtolea kiti. Kiti cha sebuleni, si stuli. Akamletea chai na vitumbua, kwenye kile kikombe chenye maua ya dhahabu ukingoni. Hicho kikombe kinakaa kabatini tangu tuoane! Sijawahi kukigusa kwa mdomo wangu. Mara moja nilikichukua, nikaambiwa ni cha wageni. Donatus anakunywa humo kila akija. Anashika hata sikio la kikombe bila woga.

Akasema kwenye buti lake ana plagi mpya nne, bado ziko kwenye boksi, alinunua akiba, nizichukue. Noela akasema chukua. Nikasema zangu ni safi, nimezichoma mwenyewe. Donatus akauliza nimezichomaje. Nikahamia kwenye habari za mvua. Noela akasema mbele yake kwamba ni Juni, hakuna habari za mvua.

Alipoondoka nikamuuliza Noela kwa nini kikombe kile. Akasema shemeji ni mgeni. Mgeni gani anayejua sukari inakaa kopo gani?

Alhamisi, 12 Juni

Akili imefunguka. Magari ni mapacha. Plagi zake ni kama zangu. Gari lake linakwenda kimya, langu linatikisika. Basi zake zije kwangu, zangu ziende kwake. Wala si wizi. Ni kubadilishana, tena zangu ni safi zaidi, nimemfaidisha.

Nikaenda dukani kwake asubuhi. Nikasema, kaka, kwa heshima ya harusi nataka kulifanyia gari lako huduma kidogo, niangalie injini, nifute vumbi, liingie Bugarama likiwa na hadhi. Macho yake yakajaa maji. Jamani, machozi! Akanipa funguo palepale na kusema hajawahi kuwa na mdogo wa kiume, Mungu kampa mimi. Nilijisikia vibaya mpaka kwenye kona ya mtaa, kisha nikapona.

Noela alikuwa kwa fundi cherehani kupima sare ya harusi. Uwanja wangu peke yangu! Nikatoa zake, nikatoa zangu, nikabadilisha. Nikawasha langu.

Kimya! Linaunguruma kwa chini, laini, hata kijiko juu ya boneti hakisogei. Nilikaa kwenye usukani nikicheka peke yangu. Nikatafuta nzi ili nimsikie. Hakukuwa na nzi.

Kisha nikawasha la Donatus, lenye plagi zangu. Likatikisika kama mashine ya kusaga mahindi. Vizuri, nikaona. Nikaliendesha hadi karibu na kwao, nikazima mapema, nikashuka na kulisukuma mpaka getini ili Wema asisikie. Nikalipaka tairi rangi nyeusi ya kung'arisha, maana niliahidi huduma. Jasho lilinitoka, lakini jasho la haki.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi njema sana. Nimemsikia Donatus akiwasha gari kwao. Tetete-tete. Nikala chapati ya pili.

Furaha ikaishia hapo. Saa nne kaja, kwa gari, na gari kimya! Kashuka anatabasamu. Kasema leo limemsumbua kidogo, akafungua, akakuta plagi zake zimepasuka, akaweka zile mpya nne za kwenye buti, sasa linakwenda kuliko hata lilipotoka Japani. Akaniwekea zile mbovu mkononi. Mbili zina ufa kwenye kauri, mwembamba kama unywele, lazima uzigeuze kwenye mwanga ndipo uone. Alieleza kwamba umeme unatorokea kwenye ule ufa badala ya kutoa cheche, ndiyo maana injini inamisi. Akanishukuru! Kasema kama si huduma yangu ya jana huenda ufa ungekuja kujitokeza njiani na watoto ndani. Akanisihi niangalie na zangu, kwa vile magari yetu ni mapacha.

Nimezitazama sana zile plagi. Ni zilezile nilizozichoma Jumanne. Zilitoka kwangu nzima, nyeupe, zinang'aa. Zimekaa kwenye gari lake usiku mmoja, zimepasuka. Ni wazi: injini ya Donatus ina joto baya. Nashangaa haoni.

Noela kamletea chai. Kikombe kile.

Halafu Noela, bila sababu yoyote, akasema heri ya shemeji, gari lake litaingia Bugarama na plagi mpya kabisa. Mpya! Na langu je? Langu, gari la bibi harusi, lina zile zilizotoka kwenye gari la Donatus! Zimevaliwa na Donatus! Yaani Loveness apelekwe kanisani Segese kwa makombo ya Donatus, na yeye atufuate nyuma na vitu vya dukani.

Nimezitoa. Nimezichoma zote nne, kwa uangalifu kuliko zile za mwanzo. Zilipoiva, majini, chwiii! Nyeupe kuliko mpya. Nimewasha gari. Linatetemeka kidogo sana, kama mtu mwenye baridi. Ni msisimko tu. Nimelifunga maua na riboni.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nyuma ya jiko la harusi, Segese, nimekaa juu ya gunia la mchele. Ukumbini wanacheza.

Kwenda Bugarama hakukuwa na shida kubwa. Noela alikaa mbele na kuuliza mara moja tu kwa nini usukani unatikisika. Pale nyumbani kwa Mzee vigelegele vilipasua anga. Mama mkwe alinitazama kwa mbali kama ilivyo adabu, akajifunika khanga, akasema wabeja, yaani asante. Kwangu! Loveness akapanda nyuma na gauni lake, limejaza kiti chote, na msimamizi wake pembeni. Donatus alikuwa nyuma yetu kwenye msafara, jeusi, kimya. Nilimwangalia kwenye kioo. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani Msalala.

Injini ilipopata moto, mambo yakaharibika. Kwanza kwikwi. Kisha gari likakataa kuvuta, watembea kwa miguu wakawa wanatusindikiza. Katikati ya Segese, pale kwenye mnada, watu wamejaa, bomba la moshi likatoa mlipuko. Paa! Mbuzi wakakata kamba. Paa tena! Mtu mmoja akalala chini na kufunika kichwa. Wapiga matarumbeta wakanyamaza. Gari likazima.

Loveness hakulia. Afadhali angelia. Alikusanya gauni lake kwa mikono miwili, akashuka, akatembea kwenye vumbi mpaka kwenye gari la Donatus, na mnada mzima ukampigia makofi. Msimamizi akafuata. Noela naye akafuata! Alinipa mkoba wake nimshikie, kisha akarudi akauchukua. Wakatoa riboni kwenye boneti langu wakafunga kwenye jeusi. Likapendeza. Naandika kwa uchungu: lilipendeza sana. Nyeupe juu ya nyeusi, kila mtu alisema.

Langu wakalipakia masufuria na kreti za soda, wakalivuta kwa kamba nyuma ya pikapu ya mchele. Mzee Mabula akakataa kupanda kwa Donatus, akasema atakaa na mkwe wake. Akaingia, fimbo katikati ya magoti, sufuria kubwa mapajani. Tukavutwa.

Akasema nisijilaumu. Akasema kuna jambo kuhusu heshima hii silijui. Donatus ndiye aliyekwenda kwake kabla ya kikao, akapiga goti, akamwomba heshima ile nipewe mimi. Alisema mimi, Enock, nalitaka sana jambo hili na yeye hana haja nalo. Mzee akasema yale maneno yangu kwa mashangazi kuhusu gari jeusi yalimfikia, akacheka mpaka akakohoa, maana yeye mwenyewe alimchukua mama mkwe kwa mkokoteni wa ng'ombe weusi. Akanipiga bega. Akasema una ndugu, mkwe wangu, mshike.

Niliumia. Acha niandike wazi, hakuna anayesoma: niliumia sana. Ilibaki kidogo tu niseme ukweli wote, pale kwenye kamba, kati ya masufuria. Mdomo ulishafunguka.

Kisha nikaelewa. Yaani hata ushindi wangu ulikuwa wa kwake! Wiki zile zote za kunong'ona, jua lote lile, soda zote nilizowanunulia mashangazi, na yeye alimaliza kwa goti moja! Ananigawia heshima kama anavyogawa plagi. Nikafunga mdomo.

Ukumbini mshereheshaji akampa kipaza sauti aliyembeba bibi harusi. Donatus akasimama akasema asishukuriwe yeye, ashukuriwe mdogo wake Enock, ambaye Alhamisi alilifanyia huduma gari hilo kwa mikono yake. Watu wote wakasimama kunipigia makofi. Noela akanitazama kwa macho laini, macho ambayo nilikuwa nimeyasahau. Na hayo pia ni zawadi ya Donatus. Ndiyo maana niko huku kwenye gunia.

Jumapili, 15 Juni

Donatus kaja baada ya misa, na nguo za kazi. Alilivuta gari langu kutoka Segese, akanunua plagi mpya nne, akanifungia mwenyewe hapa uani huku mimi nashika spana. Zile alizozitoa zilikuwa na nyufa, tatu kati ya nne. Akastaajabu sana. Akasema labda mzigo wa zamani dukani, wanauza vitu vibovu siku hizi. Mimi nikasema ndiyo, watu hawana utu.

Nikaliwasha. Kimya kabisa. Akanikumbatia, mikono ina grisi, akanichafua shati la kanisani. Nikamsindikiza hadi getini na nikasema asante, kaka. Nilisema! Noela ni shahidi. Nilijisikia mwepesi. Kwa muda wa kama nusu kikombe cha chai nilikuwa mtu mwema, na nikaona kwamba si vigumu hivyo.

Kisha Noela akatoka jikoni, akasimama mlangoni akifuta mikono, akasikiliza injini. Akatabasamu. Akaniambia, Baba Klara, sasa linalia kama la Donatus.

Kama la Donatus.

Nimezitoa zote nne. Kichomeo kiko tayari. Na kosa la zile mara mbili nimeligundua, nimekaa nalo mchana kutwa: maji yalikuwa ya vuguvugu mno. Safari hii nimeyaweka kwenye friji, yameshaanza kuganda ukingoni. Moto mkali, maji ya barafu, hakuna plagi itakayokuwa imepata huduma ya namna hiyo Kahama nzima. Jumapili ijayo tunarudisha masufuria Bugarama, magari mawili. Donatus atalisikia gari langu kabla hajaliona.